Shingo ya Fundi Mashoto

Ukiona nyumba Makambako imekaa miaka na miaka bila beseni la kukingia matone sebuleni, usiulize sana. Paa hilo lilipigwa na Silvanus. Ila ukifika mtaani ukamtafuta Silvanus utazunguka mpaka jioni, maana jina hilo analijua padre tu. Mtaani ni Fundi Mashoto. Nyundo anaishika kwa mkono wa kushoto, na misumari anaiweka mdomoni, shavu la kushoto vilevile, anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi kama mtu anayetema mbegu za chungwa.

Mkewe Conjesta alianza kugombana na misumari hiyo hata kabla hawajafunga ndoa. Yeye ni fundi cherehani, ana kibanda chake nyuma ya soko, na mambo ya hovyo hayawezi. Mwaka ule walipohamia nyumba yao wenyewe alimshonea mumewe mfuko wa jinzi nzito wa kufunga kiunoni, mdomo huu wa misumari ya bati, mdomo huu wa misumari ya kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa. Kazi safi, mishono miwili miwili. Silvanus akaugeuza, akausifia, akamrudishia.

"Mama Ema, fundi wa mfuko ni fundi wa kukodi. Mimi mfuko wangu Mungu alishaniwekea hapa." Akajigonga shavu, misumari ikalia.

Conjesta akautia mfuko ule maharage ya mbegu, akautundika juu ya meko.

Basi ndivyo ulivyoishi mdomo wa Fundi Mashoto. Asubuhi misumari. Mchana akishakula, ugoro kidogo, anaubana kati ya fizi na shavu, upande uleule. Jioni ulanzi, ile pombe ya mianzi, na siku ambazo mianzi haijatoa, chochote kilichopo. Conjesta alikuwa akisema mdomo wa mume wake haujawahi kupata Jumapili.

Lakini kazi aliijua, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya mtu. Alitoka Mawengi, huko Ludewa, kijana hana hata viatu vya maana, akajifunza kuezeka kwenye majengo ya misheni, akaja Makambako kwa sababu mji ulikuwa unajengwa na mvua haikuwa na mchezo. Alikuwa na sheria moja iliyowatoa wateja machozi. Ukimwita kubadilisha bati lililooza, atapanda kwanza, atachokonoa papi, zile mbao za kugongelea bati, kwa ncha ya msumari. Akikuta moja imelowa na kuoza, hapigi bati mpaka ununue mbao mpya. Utamwambia matone yanaanguka chumbani kwa watoto, yeye anafungua paa kule juu ya sebule. Mwalimu mmoja aliwahi kumwambia, "Fundi, mimi nimekuita kwa tundu, si kwa mbao." Mashoto akateremka, akakunja ngazi, akaondoka. Mvua ya wiki ile ilimrudisha mwalimu mwenyewe, anatembea kwa miguu.

Mwaka juzi mvua za kwanza zilipoanza, Silvanus akaanza kutafuna upande mmoja. Conjesta akaona. Siku ya tatu mume akapiga miayo mbele ya taa, na mkewe akaona pembeni mwa ulimi kitu cheupe chenye wekundu katikati, kingo zake zimenyanyuka.

"Baba Ema, hicho ni nini?"

"Msumari."

"Upo humo?"

"Ulinichoma. Kitapona."

Hakikupona. Krismasi ikapita, watu wakala, yeye akanywa mchuzi. Maji ya chumvi akasukutua, asali akapaka, mizizi ya kuchemsha akaletewa na rafiki zake wa kilabuni. Kwaresima ikaingia, kidonda kipo palepale, na jibu lipo palepale.

"Msumari gani huo usiochoka kuchoma?" Conjesta akamwuliza. "Hata nyuki akishakuuma anakufa. Huu wako unakula pensheni?"

"Mwanamke, kazi yangu ina misumari. Mimi sitengenezi keki."

Kuelekea Pasaka Ema, binti yao aliyeolewa Njombe mjini, akataka kubatiza mtoto. Conjesta akasema babu hawezi kwenda kanisani na shati lililofubaa kola. Akamsimamisha mlangoni, akamzungushia utepe wa kupimia shingoni. Utepe ukagoma. Shingo ile aliijua kwa namba kama anavyojua namba ya nyumba, na sasa namba haitoshi. Akapapasa chini ya taya, upande wa kushoto. Kidole kikagota kwenye kitu.

"Na hili?"

"Mtoki huo. Usiuguse."

"Unauma?"

"Hauumi. Ndiyo maana nakwambia si kitu."

Mtu wa huku haulizi mtoki ni nini. Ukijikata mguu kwa jembe, unavimba kinena. Ukiwa na jipu mkononi, unavimba kwapa. Ni uvimbe unaofuata kidonda, na kidonda kikipona nao unanywea, hakuna aliyewahi kuupeleka hospitali. Kwa hiyo Silvanus alikuwa na mpango wake kamili kichwani: kidonda mdomoni, mtoki shingoni, kimoja kikiondoka kingine kinafuata. Conjesta naye alikulia kwenye maneno hayohayo. Lakini alishapata mitoki utotoni na aliikumbuka: inauma, inalia ukiigusa, laini kama kiazi kilichochemka. Hiki kilikuwa kimya. Kigumu kama kokoto. Alipokisukuma hakikutaka hata kusogea.

"Twende hospitali."

"Baada ya Pasaka."

Baada ya Pasaka akaja Dorosela.

Dorosela ni dada wa Silvanus, alifika kutoka Mawengi na gunia la viazi na dawa ya mtoki, ambayo ni gunzi la mahindi. Linapashwa kwenye makaa, linakandwa kwenye uvimbe asubuhi kabla mgonjwa hajaongea na mtu. Alipoiona shingo ya kaka yake alicheka.

"Kwa hili tu mnakosa usingizi?"

"Wifi," Conjesta akasema, "huo si mtoki."

"Wifi, wewe unajua cherehani. Mitoki niachie mimi. Kaiambie hiyo mashine yako."

Basi kila asubuhi nyumba ikanuka gunzi la kuungua. Silvanus kakaa kwenye kigoda, kafumba macho, dada yake anamkandamiza kama anasonga ugali wa msiba, na Conjesta jikoni anaosha sufuria ambazo zilikwisha kuwa safi. Uvimbe haukunywea. Ulikua. Kisha chini yake, karibu na pale kola inapokaa, ukatokeza wa pili, mdogo.

Dorosela akapiga makofi. "Umeona! Unateremka. Umeogopa, unakimbia!"

"Unakimbilia wapi, wifi?" Conjesta sauti ilimtoka mpaka jirani akafungua dirisha. "Nionyeshe mlango wa kutokea huko chini! Unakimbilia ndani!"

Siku hiyo aliacha kubishana. Alimpigia Ema simu, na Ema akampigia baba yake kulalamika kwamba paa lake Njombe linavuja. Kwa paa, Mashoto anaamka hata kaburini. Alifunga nyundo kwenye gazeti akasafiri. Kufika Njombe hakukuta ngazi, alikuta binti yake amevaa tayari kwa safari ya hospitali, na alipogeuka kuondoka akamkuta Conjesta, aliyekuja kwa gari lililofuata, amesimama getini amekunja mikono.

"Mmenidanganya."

"Ndiyo," Conjesta akasema. "Panda mbele."

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke bado kijana, anaitwa Judith. Hakuanzia mdomoni. Alisimama nyuma ya Silvanus, akampapasa shingo kwa mikono yote miwili, pande zote mbili, polepole, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye pindo la nguo. Halafu ndipo akaomba ulimi. Akauliza kidonda kina muda gani, akaambiwa habari ya msumari. Akauliza ugoro, akaambiwa kidogo tu. Conjesta akakohoa. Akauliza pombe. Conjesta akakohoa tena.

"Mama, una kifua?" daktari akauliza.

"Sina. Nina mume."

Wakakata kinyama kidogo ulimini, kikaenda kupimwa. Majibu yalipotoka waliitwa tena Njombe, na Judith akavuta kiti akakaa karibu, na Conjesta akajua kabla neno halijasemwa. Ilikuwa saratani ya ulimi, na kile kilichoko shingoni ni hiyohiyo.

"Mtoki huo, daktari," Silvanus akasema.

"Mzee wangu, mtoki wa kidonda cha kawaida unavimba kwa sababu unapigana na wadudu. Ndiyo maana unauma, na kidonda kikipona unanywea. Huu haupigani. Huu umetekwa."

"Umetekwa na nini?"

"Kutoka ulimini kuna vijishipa vyembamba, si vya damu, vinateremsha majimaji kuja shingoni. Njiani kuna tezi, kazi yake kuyachuja hayo majimaji. Sasa chembe za saratani zikijing'oa pale kwenye kidonda, zinateremka humo humo, zinanasa kwenye tezi ya kwanza. Hazifi. Zinaota. Tezi ikijaa, zinashuka kwenye ya chini yake. Ndiyo hiyo ya pili uliyonayo. Na huenda zipo nyingine ambazo kidole changu hakizioni. Zikishavuka shingo zikafika mapafuni, hapo mimi nitakuwa sina la kukuambia."

Silvanus akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, akisikia jambo lenye mpango hulisikiliza.

"Basi kateni hicho kidonda."

"Tutakata kidonda na sehemu ya ulimi. Na tutafungua shingo upande huo tutoe tezi zote."

"Shingo hapana."

"Mzee..."

"Kidonda kiko mdomoni, shingo mnaikata ya nini? Mtu akiwa na jipu gotini mnamkata kiuno?"

Conjesta alitaka kumziba mdomo kwa kiganja. Lakini mume wake aliuliza swali jingine, kwa sauti ndogo, na hilo ndilo alilokuwa nalo moyoni tangu mwanzo.

"Mkiikata, nitapata nini?"

Judith hakumdanganya. Alisema mshipa wa fahamu unaoinua bega unapita palepale kwenye tezi. Madaktari wa Dar es Salaam, ambako angepelekwa, wangejitahidi kuuacha mzima, ila mara nyingine bega hulegea, mkono usipande kama zamani.

"Bega lipi?"

"La upande huohuo. Kushoto."

Silvanus akautazama mkono wake wa kushoto, juu ya goti lake, umekaa kama mgeni. Akavaa kofia, akasema asante daktari, akatoka.

Walirudi Makambako na tarehe ya kufika Dar. Shamba lao la miti kule kijijini likauzwa mapema, misonobari ikiwa bado haijanenepa, na Conjesta akafunga begi. Kila siku alimwuliza mumewe kama watakwenda, kila siku mume akageukia ukutani. Dorosela ndiye aliyekuwa akijibu.

"Wifi, mwache. Mkono ni wake. Fundi bila mkono ni nini?"

"Na maiti itakuwa ya nani, wifi? Utaikanda kwa gunzi?"

Dorosela akaenda kulia nyuma ya nyumba. Conjesta alisikia, akachukia tena, maana hata kulia wifi alikuwa anamtangulia.

Siku ya kupanda basi, Conjesta aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda umepoa. Begi lipo. Koti lipo. Nyundo haipo.

Hakuhangaika kuuliza mara mbili. Alitoka na begi mkononi, akafuata mlio. Katika mji huu kila fundi ana mlio wake, na wa Mashoto ni pigo kubwa moja, mapigo madogo mawili. Ulikuwa unatoka upande wa stesheni, kwa Mama Cresensia, mjane anayepangisha vyumba. Alimkuta mwenye nyumba amesimama uani, kiuno kimeshikwa kwa mikono miwili, anapiga kelele kuelekea juu.

"Fundi! Mimi nilisema bati tatu! Tatu! Mbona unanifungulia paa zima?"

Juu ya paa Silvanus alikuwa amepiga magoti, misumari shavu la kulia safari hii, kwa sababu la kushoto halikuweza tena. Alikuwa ameinamia papi moja, anaichokonoa, na vumbi jeusi la mbao likawa linashuka mpaka uani.

"Mama, unaona hii? Matone yako yanaanguka chumba cha mwisho, siyo? Lakini tundu lilikuwa hapa, chini ya kofia, hili bati la mgongo wa paa. Maji yameingilia hapa, yakatembea na mbao, yakaenda kutokea kule."

"Basi ziba tundu!"

"Nikiziba tundu, nikaacha mbao iliyokwisha kulowa, nitakuwa nimekuuzia nini? Kuoza kutaendelea humo chini, bati linang'aa juu. Mwakani paa lote linakaa kitandani kwako. Inatoka mbao yote iliyopitiwa na maji. Hata hii unayoiona nzima. Ukikataa, nateremka."

Conjesta aliweka begi chini. Maneno yale alikuwa ameyasikia tangu Ema hajazaliwa, kila nyumba, kila mvua, na hayakuwahi kumkera kama asubuhi ile.

"Baba Ema!"

Nyundo ikasimama.

"Rudia hayo uliyomwambia mama wa watu!"

"Mama Ema, nipo kazini."

"Nimesema rudia! Maji yameingilia wapi na yametokea wapi? Mimi sijasoma, nieleze! Mbao iliyopitiwa na maji inafanywaje? Inaachwa kwa sababu ina bega? Watu wa mji huu umewavunjia mapaa miaka yote, umewalaza kwa majirani, hukuwasikiliza hata siku moja. Mwalimu alikuja kwako kwa miguu! Leo paa ni lako, unataka wakuzibie tundu!"

Mama Cresensia akawatazama mmoja mmoja. "Kwani kuna nini?"

"Muulize fundi," Conjesta akasema. "Shingo yake imeoza kenchi, na yeye anataka bati."

Kwa mbali stesheni gari moshi likapiga honi. Silvanus alibaki amepiga magoti, kidole chake kwenye mbao. Akaibonyeza. Ikazama. Akaitazama ile ya pembeni yake, ambayo kwa macho ilikuwa nzima, akaichoma kwa msumari, na msumari ukaingia bila nyundo. Bila kuwaza akainua mkono akajigusa chini ya taya, kisha chini zaidi, kwenye kola.

Halafu akaanza kutema misumari kiganjani, mmoja mmoja, taratibu, mpaka mdomo ukabaki mtupu. Akateremka ngazi.

"Mama Cresensia," akasema, "usimwache mtu yeyote akupigie bati hapo kabla hajatoa hizo papi. Nitakutumia kijana."

"Na wewe je?"

"Mimi naenda kutolewa zangu."

Conjesta akamkabidhi begi alibebe mwenyewe. Njia nzima mpaka stendi alitembea mbele yake, maana angemtazama angelia, na hasira ilikuwa bado haijamwisha.

Walikaa Dar muda mrefu, upasuaji kwanza, kisha mionzi. Daktari alisema tezi zenye ugonjwa hazikuwa mbili tu, kulikuwa na nyingine chini ambazo hakuna kidole kingezigundua. Zote zilitoka. Aliporudi alikuwa mwembamba, ana mshono kutoka nyuma ya sikio mpaka karibu na mfupa wa bega, na maneno yanamtoka kama mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Anatakiwa kwenda kuangaliwa tena na tena, na hakuna aliyemwahidi kitu. Ugoro ameacha. Ulanzi anasema ameacha. Kila Jumapili kabla ya misa Conjesta anamfunga kifungo cha kola, na vidole vyake vinapita chini ya taya, pande zote mbili, na mume anajifanya hajui kinachotafutwa.

Bega lililegea kweli. Mkono wa kushoto unapanda mpaka usawa wa sikio, hapo unagoma. Kwa miezi alikaa chini akiwapigia kelele vijana walioko juu, hawamwelewi nusu ya maneno, anawarushia vijiti. Conjesta alifikiri hayo ndiyo yatakuwa maisha, akaanza kuyazoea.

Juzi akamkuta jikoni amesimama, anatazama juu ya meko.

"Mama Ema. Ule mfuko wa misumari."

"Upi?"

"Wa jinzi. Najifunza mkono wa kulia. Nataka nipande kwa Mama Cresensia, kuna bati moja la chini tu, siyo juu sana. Lakini mdomo hauwezi tena kushika, inadondoka."

Conjesta aliweka mwiko chini.

"Miaka yote hiyo! Nilikushonea mishono miwili miwili, ukaniambia fundi wa kukodi. Leo ndiyo unauona? Una maharage ya mbegu humo, na mvua ziko mlangoni."

"Basi yatoe."

"Nitayatia wapi? Shavuni?"

Silvanus akacheka, cheko la upande mmoja, mate yakamtoka akayafuta. Conjesta akaendelea kumsema: ngazi hajashikiwa, bega halijapona, daktari hajaulizwa, mtu mzima hana akili. Alikuwa bado anamsema alipovuta kigoda, akapanda, akaushusha mfuko, akayamwaga maharage kwenye beseni, na akaanza kuupima kiunoni mwa mumewe, maana mume alikuwa amepungua na mikanda ilihitaji kukatwa upya.